Kitabu cha Vitenzi Ukiweke Kando

Nyumba Na. 6, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Karakana ya Vitabu.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Hujambo, mama? Shemeji na mgongo wake wanaendeleaje? Na hao watoto unaowapokea, bado wanaingia duniani kwa kelele? Mimi sijambo. Goti la kushoto linanung'unika kila nikipanda ngazi, lakini linapanda. Macho yamechoka, ila bado yanasoma.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, koti sijavua. Kwamba umeanguka tena mtihani wa kuzungumza Kiingereza nilikuwa nimekwisha kusikia kwa shemeji. Lililonikalisha chini ni sentensi yako ya mwisho: kwamba hutajiandikisha mara ya tatu, na ile nafasi ya ukunga katika hospitali ya huku wampe mwingine. Miaka thelathini na moja hatujakaa meza moja, halafu unaniandikia hivyo, tena kwa mwandiko mzuri namna ile!

Nilicheka pia, nisikufiche. Umesema vitenzi vya Kiingereza vinashikana mikono kama watoto wa chekechea wanaovuka barabara, na kila ukivitazama hujui nani amemshika nani. Nimesoma vitabu vingi vya sarufi, na vingine nimevishona mwenyewe, lakini sijaona mahali jambo hilo lilipoelezwa vizuri zaidi.

Nimekaa na barua hiyo siku nne nikimtafuta mkosaji. Nimempata. Ni mimi. Nasema kile kitabu nilichokujalidia mwaka juzi, chenye jalada la kijani: vitenzi mia mbili kwa mpangilio wa alfabeti, kila kimoja kimesimama peke yake kwenye mstari wake kama askari wa gwaride. Nilijivunia mshono wake. Nawe, kwa utiifu wako, ukakikariri chote. Mtahini alipokuuliza unafanya kazi gani, ukaanza kufunua kurasa kichwani, naye akangoja mpaka muda ukaisha. Chiriku mzima, ambaye mama alikuwa akimtuma dukani akijua habari zitafika nyumbani kabla ya sabuni, akanyamaza dakika tatu!

Nilipaswa kulijua hilo, maana lilinikuta. Mwaka wangu wa kwanza karakanani, msimamizi tuliyemwita Masharubu aliniuliza kwa nini nimesimama tu mbele ya kitabu kilichobanwa. Nilikuwa na vitenzi tele kichwani, kikiwemo nilichokihitaji, na hakikutoka hata kimoja. Alipokwenda zake, mama mmoja mshonaji, mgeni kama mimi, akanisemesha bila kuinua macho kwenye sindano.

"Wewe baba, karatasi moja ukiitia gundi peke yake, inakuwaje?"

"Inachomoka."

"Basi na maneno yako yanachomoka hivyohivyo. Yakunje pamoja, uyashone. Ulikuwa unangoja nini pale?"

"Gundi ikauke."

"Kiseme hicho hicho, kwa lugha ya Masharubu."

Nikasema, polepole, "Wait for the glue to dry."

"Umeona? Na jino halijang'oka."

Itazame sentensi hiyo, mdogo wangu. Sisi tukisema "nakungoja" tumemaliza. Kitenzi chetu kina mifuko: andika, andikia, andikiana, vyote vimo humohumo. Cha Kiingereza hakina mfuko hata mmoja, kwa hiyo kinatembea na mchukuzi. Mchukuzi wa "wait" ni "for". Wa "listen" ni "to". Wa "depend" ni "on", na usiulize sababu. Nimewauliza wenyewe, hawaijui. Ni sawa na kuuliza shangazi alimpendea nini yule fundi redio.

Na kitenzi kikimfuata mwenzake, kuna kinachotaka "to" isimame katikati, kama "want to sleep", na kuna kinachotaka wa nyuma yake avae mkia wa "-ing", kama "keep breathing". Kwetu ni kulala na kupumua, ku- ileile kwa wote, ndiyo maana jambo hili linatuchosha. Usikariri nani anavaa mkia. Wazoee kama ulivyowazoea wakwe zako. Hukupewa orodha ya tabia zao, ulikaa nao, na leo unajua nani hapendi chai yenye sukari.

Mimi nilikuwa na gundi na karatasi. Wewe una chumba cha kujifungulia. Tangu alfajiri unasema: endelea kupumua, acha kusukuma, jaribu kulala ubavu, nishikilie. Basi kila ukilisema, lirudie kimoyomoyo mkono wako ukiwa kazini: keep breathing, stop pushing, try to lie on your side, hold on to me. Hapo vitenzi na wachukuzi wao watakuja wameshonwa tayari. Kwa "stop" tu nakuomba uangalifu, maana "stop pushing" ni aache kusukuma, na "stop to push" ni asimame ili asukume. Hakuna mwalimu wa sarufi anayeijua tofauti hiyo kuliko wewe.

Kile kitabu cha kijani kiweke kando. Sitanuna. Zuia mlango nacho.

Nitakupigia simu kila Jumapili saa nne asubuhi, saa zenu. Utanisimulia kwa Kiingereza habari za mtoto mmoja aliyezaliwa wiki hiyo. Sitakusahihisha neno. Shemeji akicheka, mpe simu asimulie yeye.

Sasa lililo kubwa. Alhamisi nilikwenda hospitalini. Muuguzi mkuu ni mwanamke mfupi mwenye kalamu tatu kifuani na mwendo wa mtu aliyechelewa. Nilimwambia ukweli, kwamba umeanguka mara mbili.

"Kwani haongei?" akaniuliza.

"Anaongea mno. Hajawahi kukutana na kitu cha kumnyamazisha, ndiyo maana amepigwa na butwaa."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mzee, mama akiwa katika uchungu akashikwa na hofu, huyu dada yako ataweza kumtuliza? Kwa Kiingereza?"

"Kufika Juni ataweza."

Sikusita hata kidogo. Sasa usiniumbue.

Akavuta ratiba ya zamu za mwezi wa saba, akaliandika jina lako kwenye Jumanne ya kwanza, zamu ya asubuhi. Akanigeuzia nilione. "Ni penseli, mzee. Cheti kikija ndipo nitapitisha wino." Nafasi hiyo ataishikilia mpaka mwisho wa Juni, si zaidi.

Kujiandikisha kunafungwa Ijumaa ya tarehe 21. Ndiyo maana sikuiamini posta. Barua hii anakuletea jirani yako, mwalimu wa hesabu, aliyekuja kumtazama binti yake na anarudi kesho. Simu nayo haikufaa. Ungenikatiza kabla sijafika kwenye gundi.

Nina miaka sabini na moja. Sikuandikii hivyo ili nikubebeshe umri wangu. Nimekwisha kuhamisha marobota ya karatasi kutoka chumba cha pili, nikaosha sakafu, nikafungua dirisha. Linatazama uwanja wa shule, na saa ya mapumziko kelele zake utazipenda, maana ni zako hasa.

Nisalimie shemeji, kifungua mimba wako na mkewe, pacha wote wawili bila kumpunja mmoja, na shangazi, ambaye najua atataka asomewe barua hii mara mbili. Mwenyezi Mungu akufungue kinywa kama anavyovifungua vinywa vya watoto unaowapokea.

Wako akupendaye, na anayekungoja,

Kaka yako mjalidi vitabu