Stata ya Lori Letu na Mafuta ya Papa

Mpendwa kaka Mohamedi,

Fundi Josefu wa Majengo alisema jana, baada ya sala ya alasiri, kwamba stata ya lori letu ni nzima. Aliishika kwa mkono mmoja kama mtu anayepima nanasi sokoni, akaiweka mezani, akasema tena nisije nikadhani nimesikia vibaya: "Mzee, hii haina ugonjwa." Nakueleza wewe kwanza kwa sababu lori lilikuwa lako kabla ya kuwa langu, na kwa sababu miaka mitatu nimekuwa nikiwaambia watu kwamba limezeeka.

Ulipofariki, mwaka vilipokwisha vita, niliacha kazi ya gazeti nikashika usukani. Nabeba yale yale uliyokuwa ukibeba: boriti na chokaa kutoka bandari ya kale hadi kwa waashi wa Majengo. Nusu ya lori ni ya mkeo, Bi Mwanaisha, na ndilo linalotulisha sote wawili. Sasa nimekuzidi umri kwa miaka miwili. Hilo nalijua zaidi nikiwa chini ya lori.

Unazikumbuka boliti mbili zinazoishika stata. Ya chini huonekana. Ya juu haionekani, hutafutwa kwa vidole. Wewe ulikuwa ukiifungua huku ukinisimulia mambo ya harusi ya jirani. Mimi vidole vyangu vimekufa ganzi. Nashika nisijue nimeshika boliti au bomba. Nikilala chali, miwani hunipanda hadi kwenye paji la uso. Boliti ikilegea, uzito wote hunishukia kifuani, nami hubaki pale nikipumua kabla ya kujivuta nje. Kazi uliyoimaliza baina ya adhuhuri na alasiri hunichukua siku mbili.

Stata ikikataa, iko hendeli ya kuizungusha injini kwa mkono. Siku tuliyolileta lori nyumbani ulinisimamisha mbele yake ukanipa hendeli mkononi. "Kidole gumba kikae upande mmoja na wenzake," ulisema. "Injini ikirudi nyuma, hendeli itakutoka tu. Ukikizungushia hendeli, itaondoka nacho." Nikakuuliza umejuaje. Ukanionyesha chako kilichopinda, ukacheka peke yako.

Mwezi uliopita maneno hayo niliyakumbuka mimi, kidole hakikuyakumbuka. Hendeli ikarudi, kifundo cha mkono kikavimba wiki mbili. Bi Mwanaisha alinifunga kitambaa chenye manjano.

"Shemeji, chuma hicho nisikione tena uani kwangu."

"Basi lori halitawaka."

"Lisiwake."

Siku chache baadaye akaja Kassamali, mwenye duka Ndia Kuu, kuuliza kama tunaliuza. Ana madereva vijana. Aliuliza kwa adabu, akanywa kahawa, hakurudia swali. Nilimwambia nitafikiri, ingawa nilikuwa nimekwisha fikiri. Tukimpa lori, mkeo na mimi tutakuwa watu wa kuletewa sahani na jamaa, tukishukuru kila jioni.

Kabla ya kumjibu nilimwita Josefu, aliyejifunza ufundi jeshini. Aliingia chini ya lori akatoka na stata kabla kahawa yake haijapoa. Mota ilizunguka vizuri. Kilichokwama ni gia ndogo ya mbele, ile inayoruka kwenda kuizungusha injini. Ilikuwa imegandwa na utando mweusi, mzito kama gundi. Josefu akaunusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Ni nini hii?"

"Mafuta ya papa."

"Si ya kupaka mashua hayo?"

"Ndiyo, chumvi isile chuma. Kaka yangu alikuwa akipaka, nami napaka."

"Na kuosha unaosha lini?"

Bi Mwanaisha alikuwa akipepeta mchele mlangoni. Hakuinua uso.

"Marehemu mwenyewe alikuwa akiosha kila mwezi ukiandama," alimwambia Josefu. "Kwa mafuta ya taa, ndani ya sufuria yangu ya mboga. Tuligombania sufuria hiyo mpaka nikamwachia. Akishaikausha stata juani, anapaka upya, kidogo tu. Shemeji alikuwa akija Ijumaa, anakuta imebaki kupaka."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nilidhani mtu wa gazeti huuliza."

Josefu alicheka, kisha akaniomba radhi. Nilimwambia hana kosa.

Kaka, nimeandika habari za watu kwa miaka mingi, na sikupeleka gazetini jambo nililoliona nusu. Hili lako nililiona nusu, nikalifuata kwa uaminifu. Kila nilipokukumbuka nilipaka zaidi. Josefu alipokuwa akiukwangua utando ule kwa kisu, niliona tabaka juu ya tabaka, na nilijua kila moja limetoka wapi. Sijilaumu sana. Nakueleza lilivyokuwa.

Mikono, hata hivyo, haikurudi ujana kwa sababu gia imeoshwa. Nimekubaliana na Josefu kwamba kuingia chini ya lori ni kazi yake tangu sasa. Kuosha na kukausha ni kazi yangu, mezani, ambako naona ninachokishika. Nilipomwachia boliti ya juu niliona unyonge, na papo hapo niliona nafuu. Nimeshindwa kuamua lipi lilitangulia. Ungekuwepo ungenitania mpaka magharibi, na ningekuacha.

Gia imelala juani leo kutwa, haina tone la mafuta. Mota ni nzima, lakini gia sijui kama imekwisha lika huko ndani. Josefu naye hajui, na amesema hatabahatisha kusema. Mola akupe raha huko uliko, nasi atupe subira ya siku mbili hizi.

Kassamali nimemwomba aje Jumatatu saa mbili asubuhi. Josefu atakuwa ameifunga stata, na mkeo amesema atasimama pale pale aone kwa macho yake. Nitakanyaga kitufe mara tatu. Lori likiwaka, nitamwambia Kassamali hatuuzi, na saa tatu nitakuwa bandarini kupakia boriti. Lisipowaka, hendeli sitaigusa. Nitampa ufunguo.

Mdogo wako,
Abdalla