Jumapili Usijibu Foni

Bukavu, Ibanda, Alhamisi

Papa mpenzi,

Nakusalimu wewe na Maman. Natumaini barua hii inawakuta wote hapo nyumbani Luhwindja, na kwamba kifua cha Maman kimetulia. Mimi ni mzima. Nalisema hilo kwanza kwa sababu najua Jumapili iliyopita ulishuka mpaka parokiani kama kila Jumapili, ukakaa mbele ya foni, redio yetu ya kuongelea, baada ya misa, ukasikia upepo tu.

Unajua foni ya huku, ile redio ya shule yetu, inakula batri ya gari. Tangu askari walioingia mjini walipopora chaja pamoja na paneli za sola, mimi sekreteri ndiye niliyekuwa naijaza batri kwa alimentation ya maabara, ile mashine ya mezani inayotoa umeme kwa majaribio ya fizikia. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo, lakini ukiwa mwangalifu inakubali: unapanga volti kwanza, unabana ampea zisizidi, ndipo unafunga waya. Na umeme ukikatika, unakimbia kutoa waya, la sivyo batri inarudisha nguvu yake ndani ya mashine na kuiunguza. Hapa umeme unakatika ovyo, kwa hiyo nilikuwa naandika makaratasi ya shule kando yake, kama mtu anayelinda maziwa motoni.

Jumamosi asubuhi aliingia askari na batri ya lori begani.

"Sekreteri, njo weye fundi ya courant, ya umeme?"

"Hapana, chef. Mie niko mutu ya makaratasi tu."

"Leo uko fundi. Hii ni ya commandant. Ijaze."

Niliifunga waya vizuri, Papa. Yeye akakaa juu ya meza, bunduki mapajani, akila karanga zangu. Kabla ya adhuhuri umeme ukakatika. Nikasimama.

"Chef, uniache nitoe waya. Mashine itaungua."

"Weka mukono chini! Courant imeisha kwenu, sasa unataka kukamata yenye iko mu batri ya commandant?" Akacheka, akatema ganda. "Wezi ya Bukavu, hata courant munaiba!"

Préfet wetu, mkuu wa shule, alikuwa mlangoni. Nilimtazama aseme neno. Akasema, "Bahati, mutii chef." Tukabaki hivyo, watu wazima watatu tukiitazama mashine, mpaka ikatoa moshi.

Commandant alipokuja akakuta batri yake imekauka kuliko ilivyoletwa. Aliuliza ni nani aliyefunga waya. Préfet, aliyenifundisha fizikia hiyo hiyo nikiwa mwanafunzi wake, akaninyooshea kidole. Kosa la yule askari hakulitaja.

Commandant hakunipiga. Aliniuliza kwa upole, "Na ile foni, unaiweza?" Nikaitikia. "Basi itaenda na sisi, na weye utaifuata. Kwetu motere ya lori inajaza batri. Ukipotea, préfet atatuonyesha kwenu ni wapi."

Foni waliibeba siku ile ile. Mimi naanza kesho. Tayari wameniuliza nani hujibu upande wa Luhwindja, na vijana wa huko wamejificha wapi. Nilisema sijui. Sijui nitasema hivyo mara ngapi.

Papa, ulizoea kuniambia hewani wadogo zangu wanalala kwenye mashimo gani ya dhahabu, na njia ipi iko salama. Usiseme tena. Wahamishe, na mimi usiniambie walikohamia. Na Jumapili ukisikia mtu anaita, "Papa, Papa, unanipata?", usidhani ni mwingine anayeiga sauti yangu. Nitakuwa mimi kweli. Usijibu hata nikilia.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Mama Vumilia, yule muuza chumvi wa Walungu. Mpeni chakula, ametembea na hatari. Mnisalimie shangazi Nabintu aliyenilea, na mkatekista anayetunza foni ya parokia. Naye mwambie anyamaze hewani. Maman mwambie tu kwamba mashine iliharibika.

Mwanao anayekuomba umnyamazie,

Bahati