Mashine Inayouliza Mara Tatu

Kwandu shoga yangu, nimeacha mboga nikuandikie wewe kwanza.

Sasa hivi nilikuwa nachambua mchicha. Wajukuu zangu, Naila na Yahya, wanabishana juu ya ile tamthilia yao ya angani. Naila anawasifu viumbe wa sayari nyingine wanaowasaidia binadamu vitani. Yahya yeye anazungumzia mashine tu, zile adui zinazovaa sura ya mtu na kuishi nyumbani kwake.

Nikauliza, "Sasa wenye nyumba wataitambuaje mashine hiyo?"

Yahya akasema, "Inauliza kitu kilekile mara tatu, Bibi. Kama wewe! Tukuzime?"

Nikamjibu kiutani, "Nizime, mume wangu, tuone nani atakupikia."

Akaangua kicheko. Naila hakucheka.

Akanishika mkono. "Bibi, umeuliza mara tatu kweli. Na jana pia."

Mara tatu, Kwandu! Mimi nakumbuka moja tu. Moja!

Kibwana mwanangu asijue. Atanihamishia kwake Kibaha, shamba langu la Msimbu liote majani.

Njoo kesho tushinde wote. Ukisikia narudia neno, niambie hapohapo, usinionee haya.