Timothy Makau Nyamai, Fundi wa Gari la Mwisho

Mwaka mzima umetimia leo, Baba, tangu utuache kando ya mto uliofurika kule Meru, magoti yako yakiwa na matope na mkono wako ukiwa ndani ya mkono wa Mama. Mimi Yvonne ndiye ninayeandika. Mama ameketi hapa kitandani, Duncan amesimama mlangoni, na kila nikimaliza mstari wananiambia niwasomee.

Ulizaliwa Kitui, ukaja Nairobi ukiwa na miaka kumi na tisa. Ulianzia Kibera, kwenye kijiji cha Raila, kwa binamu yako Kavoi, mkilala watu wanne chumba kimoja. Baadaye ukafungua gereji yako Kawangware, karibu na barabara ya kwenda Riruta. Ilikuwa mabati machache na shimo, lakini watu walileta magari kutoka mbali kwa sababu hukudanganya mtu. Ukiona gari halina shida ulimwambia mwenyewe, "Enda nyumbani. Gari iko sawa, ni wewe una wasiwasi."

Ulitengeneza pia vitu ambavyo si magari: cherehani ya Mama Hope, feni ya kanisa, kiti cha magurudumu cha jirani yetu Awiti, ambacho ulikikagua kila Jumamosi bila kuitwa. Kwenye kwaya uliimba besi. Ubeti wa pili wa wimbo wowote hukuwahi kuujua. Ulifungua mdomo tu, na sisi tulicheka mpaka Mama akatufinya.

Miaka sita ya mwisho ulipata kazi uliyoipenda kuliko zote. Kampuni moja ilikuwa ikipeleka wageni wastaafu kwenye mbuga za wanyama kwa msafara, kila wawili na gari lao la kulala ndani, lenye kitanda, jiko na sinki. Osewe, kiongozi wa msafara, alitangulia mbele. Wewe ulikuja nyuma kwenye gari la mwisho, na vifaa vyako. Gari likikwama popote, wote wanasimama, wewe unashuka.

Ulirudi na hadithi. Ulituonyesha kwa mwili wako mzima jinsi kifaru anavyogeuka. Mama alikuwa akikatakata sukuma wiki za wateja wake, anakusikiliza, kisha anasema, "Mimi kazi yangu ni kusimuliwa tu."

Kwa hivyo Novemba ile Osewe alipopiga simu, ulitoka nje kuongea ukarudi ukiwa umejawa na furaha usoni. Wageni wawili walikuwa wameahirisha safari, na gari lao lingebaki tupu. Osewe alikuwa amesema, "Mzee, hiyo gari iendeshe wewe. Weka vifaa nyuma, na ubebe mathe."

Mama alifungasha kwa siku mbili. Alibeba dengu, unga na jiko la makaa.

"Kanini, gari lina jiko," ulimwambia.

"Hilo jiko silijui, halinijui."

Duncan aliwapiga picha asubuhi ya kuondoka. Mama amevaa kitambaa chake cha kanisa, wewe umeshika mlango wa gari kama dereva wa balozi. Tulicheka sana. Hatukujua la kufanya na furaha yote hiyo.

Mama alitupigia simu kila siku. Nakuru aliona kifaru, akasema umemwigiza vibaya miaka yote. Samburu mlisimama ndovu wakivuka mto, ukazima injini, na Mama akatuambia kwa kunong'ona, kana kwamba wangemsikia kupitia simu, "Wako na mtoto. Wanamngoja." Usiku wa kwanza hakulala kwa kusikia fisi. Wa pili alilala mpaka ukamwamsha uone naye twiga aliyesimama karibu na dirisha. Mgeni mmoja, Maggie, nesi aliyestaafu, alipenda dengu zake akaja na bakuli kila jioni. Siku nne, Baba. Mama ana miaka hamsini na tano na hajawahi kukaa siku nne bila kumhudumia mtu.

Siku ya tano mlikuwa upande wa Meru, na mvua ilikuwa imenyesha hadi asubuhi. Kambi ilikuwa ng'ambo ya mto ambao juzi yake mlivuka magurudumu yakilowa kidogo tu. Sasa ulikuwa umejaa hadi juu ya kingo. Osewe aliwaambia wageni hakuna kuondoka. Gari moja lilikuwa limezama kwenye matope karibu na maji, na wewe ukalala chini yake ufunge mnyororo. Ulipotoka, Mama anasema, ulikaa chini papo hapo na hukuinuka.

"Ni kiungulia," ulimwambia. "Ni dengu zako."

Saa tatu na nusu simu yangu ililia. Nilikuwa kazini, kwenye duka la dawa Riruta, nyuma ya kaunta.

"Yvonne, baba yako anatoka jasho kama mtu aliyemwagiwa maji. Anasema kifua. Anasema na mkono."

Nilijua, Baba. Nilijua kabla hajamaliza. Nilimuuliza kama kuna aspirini, na Maggie alikuwa tayari amekupa utafune. Nikamwambia akukalishe, akufungue shati, asikuruhusu kutembea. Nilikuwa nimezungukwa na dawa kutoka sakafuni hadi juu, na sikuweza kukufikishia hata kidonge kimoja.

"Mpe simu," nikasema.

Ulipumua kwanza. Halafu ukaniuliza, "Yvonne, umekunywa chai?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa sijakunywa. Mtandao ukakatika.

Osewe aliita ndege ya wagonjwa. Wakamwambia uwanja wa mbugani umejaa maji, mawingu nayo yako chini, wangoje. Akaita gari la wagonjwa, nalo likaja. Huku Nairobi Duncan aliacha kazi ya mjengo Kilimani, akamwomba rafiki yake gari. Kila dakika alikuwa akinipigia: "Wamemtoa? Niambie wamemtoa." Nilipiga ile namba ya Mama mara arobaini na kitu.

Walikubeba juu ya godoro hadi kwenye ukingo. Mama anasema gari la wagonjwa aliliona kwa macho yake. Jeupe, taa zinawaka, ng'ambo ile pale, karibu hivi kwamba aliona dereva amejishika kichwa kwa mikono miwili. Osewe na wenzake walifunga kamba kwenye mti, wakaingia. Maji yaliwaangusha. Wakajaribu tena, yakawaangusha. Dereva akarudi garini akawasha injini, na wewe ukaisikia.

"Asiingie," ukasema. "Mwambieni asiingie. Litabebwa."

Osewe alipaza sauti mpaka dereva akazima. Mama alikuwa akipiga kelele naye, lakini yeye alikuwa akisema aingie. Ameniomba niandike hilo. Hakuwa akimfikiria yule dereva, alikuwa akikufikiria wewe. Wewe ulimwambia, "Kanini, tulia," ukamshika mkono, na kabla ya saa tano ukawa umeenda.

Saa nane mchana maji yalikuwa ya magotini.

Duncan alikuwa amefika Thika nilipompigia. Alisimamisha gari kando ya barabara. Nilisikia malori yakipita.

Msafara wote ulikusindikiza kutoka mbugani. Wale wazee waliendesha magari yao taratibu nyuma yako, na bwana yake Maggie akaendesha lako. Tulikuzika Kitui, kwenye udongo mwekundu, Jumamosi yenye jua kali.

Kuna jambo hatukuwahi kulisema mbele ya watu. Kwenye jaketi lako Mama alipata pakiti tatu za vidonge vya kiungulia, zote tupu. Wiki mbili baada ya mazishi, Shiru, ninayefanya naye kazi, alinifuata stoo akilia. Ulikuja dukani siku yangu ya mapumziko, kabla ya safari, ukavinunua kwake. Ulimwambia, "Usimwambie Yvonne. Atanipeleka hospitali, na mama yake amengoja hii safari sana." Shiru alidhani ni kiungulia kweli. Simlaumu. Yeyote angedhani hivyo.

Kwa hivyo ulikuwa ukiumwa, Baba. Ulikuwa ukiumwa ukimwonyesha ndovu.

Tumeligeuza hilo mwaka mzima na hatujui pa kuliweka. Duncan anasema ungekuwa hapa angekugombeza kwanza ndipo akukumbatie. Mimi hupima presha za watu dukani siku nzima, wazee wa umri wako, na wakiniambia ni kiungulia nawang'ang'ania mpaka wanakasirika. Wengine wameenda hospitali. Haijanisaidia kulala.

Tangu Machi Mama hakutaka kuizungumzia safari ile. Alichukua meza yake ya mboga, akauza, akarudi. Watu wakimuuliza kuhusu safari alisema hakumbuki. Leo nilipofika mstari huu niliacha kuandika, nikamuuliza kama ana neno. Aliangalia mikono yake. Duncan akasema, "Mathe, si lazima."

Akasema niandike hivi, na nisibadilishe kitu:

"Baba Yvonne, ungeniambia tungerudi. Ningekasirika siku moja, halafu yaishe. Lakini zile siku nne nilizifurahia. Nimeogopa kusema, nikaona kama nitakuwa nimezilipia kwa uhai wako. Nilizifurahia. Ujue hivyo."

Unakumbukwa na mkeo Kanini. Watoto wako Yvonne na Duncan. Binamu yako Kavoi na jamaa wote wa Kitui. Osewe na wenzako wa msafara. Mama Hope, Awiti na majirani wa Kawangware. Na waimbaji wenzako wa besi, ambao bado wanaacha nafasi yako mwisho wa benchi.

Hatutakusahau, Baba, siku zote tutakazoishi.