Mashine ya Kumrekodia Mama Mpira

Jumapili jioni, Mbagala. Mvua imepiga tangu alfajiri, sasa hivi ni manyunyu tu. Niko sebuleni kwa Mama. Nimechoka, lakini sina la kulalamika.

Nimepotea humu muda mrefu, na waliozoea kunisoma wameuliza kwenye maoni kama niko mzima. Mie mzima. Mgonjwa ni Mama, na kilichonimalizia muda ni kompyuta. Hayo mawili yanahusiana, ngoja nieleze.

Mama ana tatizo la figo. Jumatatu, Jumatano na Jumamosi anakwenda hospitali kusafishwa damu, zamu ya mchana, anatoka jua likizama. Tuliomba zamu ya asubuhi tukaambiwa imejaa, wapo wanaoisubiri tangu mwaka jana. Sindano amezizoea. Kupimiwa maji ya kunywa kazoea. Hata chumvi kaacha, yeye ambaye alikuwa hawezi kupita embe bichi bila kulichovya kwenye chumvi na pilipili. Kitu kimoja tu amekataa kukizoea, kukosa mpira.

Mama yangu ni shabiki hasa. Anajua nani kaumia enka, nani mkataba wake unaisha, kocha gani anapanga kikosi kwa upendeleo. Timu yake siitaji, nisije nikaanzisha vita kwenye maoni. Na mechi nyingi zinachezwa Jumamosi jioni, yeye akiwa kwenye kile kiti, mirija mkononi. TV ya pale inaonyesha matangazo ya afya basi. Simu tulijaribu. Mtandao mle ndani unakatakata, na kwa macho ya Mama wachezaji kwenye kioo cha simu ni kama punje za mchele zilizomwagika.

Mwezi uliopita alitoroka.

Sina neno jingine la kuliita lile. Jumamosi ya mechi ya watani alivaa baibui lake, akaaga, akapanda bajaji. Bajaji ikaelekea Kiwalani, kwa shoga yake wa tangu usichana. Wakatazama mpira, timu yao ikashinda, wakapiga vigelegele. Aliporudi akatuambia hospitali kwema, foleni tu ilikuwa ndefu.

Kesho yake miguu ilikuwa imevimba hadi viatu havimwingii. Kufika adhuhuri hawezi kulala chali, anahema kama mtu aliyepandisha ngazi kwa kukimbia. Tukamkimbiza, akawekewa oksijeni. Daktari, msichana mdogo kuliko mie, wala hakugomba. Alisema tu, "Mama, ukirudia hivi tutakupoteza."

Mama akageukia ukutani. Alipopata nafuu ya kusema, akaniuliza, "Zainabu, Jumamosi ijayo tunacheza na nani?"

Nilikwenda chooni nikalia. Halafu nikakasirika. Halafu nikampigia Kassim.

Kassim ni mdogo wangu. Ni fundi wa mashine za kutolea kopi, na ndiye anayeishi na Mama. Mie niko Segerea kwa mume wangu. Tulikubaliana haraka kwamba Mama arekodiwe mechi, azikute akirudi. Ugomvi ulikuja kwenye namna ya kurekodi.

Mie nilitaka tununue kitu kilichokamilika. Unachomeka, unabonyeza, unarekodi.

"Dada, hivyo vya dukani vinakufunga," Kassim akasema. "King'amuzi cha kurekodi, siku kifurushi kikiisha na ulivyorekodi vinafungwa. Kikiharibika, hakuna wa kukifungua. Niache nimtengenezee Mama kompyuta yake."

"Kassim, feni ya Mama unaitengeneza tangu lini?"

Feni ile iko juu ya kabati, imepasuliwa, panga zake kwenye mfuko wa rambo. Tangu mfungo wa Ramadhani.

Basi nikaenda Kariakoo mwenyewe. Ving'amuzi vyenye kurekodi nilivyovipata vilikuwa vimeshatumika, na kila muuzaji alitaka kwanza tuongeze waya wa pili kutoka kwenye dishi. Kijana mmoja wa dukani akanionyesha kisanduku cheusi kizuri, cha kukaa mkononi. "Hii dada ndio kiboko. Inarekodi kila kitu."

"Na ligi?"

"Kila kitu dada."

"Nakuuliza ligi. Ile ya kulipia."

Akakipangusa vumbi kile kisanduku, akakirudisha juu ya rafu. "Ligi ndio haina."

Nilirudi Mbagala mikono mitupu. Nikamkuta Kassim kaenea sakafuni sebule nzima. Alikuwa amepata kompyuta ya mezani iliyotolewa ofisini kwa watu, kaiwekea diski kubwa ya kuhifadhia na kadi ya kunasia TV. Kaisafisha kwa mswaki mpaka inang'aa. Akanionyesha taarifa ya habari aliyoirekodi mchana. Picha safi, sauti safi. Nikakubali kwa moyo mmoja kwamba nimeshindwa.

Kisha akajaribu chaneli ya ligi. Giza.

Akajaribu tena. Giza. Ile kadi inanasa chaneli za bure tu. Za kulipia zimefungwa, na ufunguo uko ndani ya king'amuzi. Kumbe yeye na yule kijana wa Kariakoo walikuwa na tatizo lilelile, tofauti ni kwamba Kassim alikuwa amelifanyia kazi wiki nzima. Alikaa pale sakafuni ameshika bisibisi. Mama alikuwa kwenye kochi, akamwambia, "Mwanangu acha. Mpira si roho."

Kwa sauti aliyoitumia, tukajua sote kwamba Jumamosi atatoroka tena.

Nadhani hiyo ndiyo iliyomwinua Kassim. Alizunguka nyuma ya TV, akarudi na zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na ya njano, za kutolea picha kwenye king'amuzi. "Dada, kuna kidude kinapokea hizi na kuzipeleka kwenye kompyuta. King'amuzi kifungue chenyewe, sie turekodi kilichofunguliwa. Picha haitakuwa kali, lakini mpira utaonekana." Kidude hicho Kariakoo kipo cha kumwaga. Nikakinunua mie, pamoja na betri ya kompyuta, ile inayolia umeme ukikatika. Kwa hiyo mkiniuliza tulinunua au tulitengeneza, jibu langu ni hilo.

Kasoro ni moja, wakati wa kurekodi king'amuzi kibaki kwenye chaneli ileile. Rimoti Kassim akaifungia kabatini.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mie nilimsindikiza Mama, Kassim akabaki kulinda mashine. Simu ya Mama tuliiacha nyumbani, maana lile kundi lake la mashabiki haliwezi kukaa dakika bila kupayuka. Nikadhani nimeziba kila tundu.

Kiti cha pili kutoka kwa Mama anakaaga Mzee Ponera, mtu wa Songea, mchonga vinyago, shabiki wa upande wa pili. Wanataniana miezi yote hii. Jana alikuja na redio ndogo, kifaa cha masikioni kimoja. Mechi ilipoanza nikaona Mama anamkodolea macho.

"Mtani," Mama akasema, "usinitazame."

"Sijakutazama, mtani."

"Umekunja uso. Tumefunga?"

"Mie nimekunja uso kwa sababu ya sindano."

"Sindano wamekuchoma zamani. Geuka kule!"

Mzee Ponera akavuta kofia yake mpaka puani, akabaki hivyo mpaka mwisho wa zamu, anasikiliza mpira gizani. Muuguzi alidhani amezidiwa, akaja kumpima presha. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Sijui mara ya mwisho nilicheka lini ndani ya jengo lile.

Kurudi, nilimwomba dereva wa bajaji ashushe maturubai pande zote. Njiani tulisikia honi na kelele, Mama akaziba masikio kwa vidole akasoma kaswida kwa sauti ya juu hadi mlangoni.

Kassim alikuwa ameshapanga mito. Mama akaketi, akanyoosha miguu, akapewa maji yake ya kipimo. Mpira ukaanza.

Picha ilikuwa na ukungu kidogo. Hakuna aliyejali. Kipindi cha kwanza tukafungwa, Mama akamtukana beki kwa heshima. Cha pili tukasawazisha, akarusha mto. Nilimtazama yeye kuliko mpira. Uso ulikuwa umechangamka, jamani. Mtu aliyetoka kwenye mashine huwa amesinyaa, anataka kulala tu.

Dakika za mwisho kabisa, mchezaji wetu akaangushwa kwenye boksi. Filimbi. Penalti. Mama akasimama. Mpigaji akaweka mpira, akarudi nyuma...

Kioo kikawa cheusi.

Kassim aliruka kama amepigwa shoti. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, kisha akajishika kichwa. Mechi ilichelewa kuanza kwa sababu ya maji uwanjani, na yeye alikuwa ameipangia mashine saa ya kuzima. Wakati inazima, yeye macho yote yalikuwa kwenye TV, hakuangalia kompyuta.

Mie sikujua matokeo. Kassim alijua. Mama alimtazama, na nilianza kupanga la kumwambia, kwamba ajali hutokea, kwamba mdogo wangu amejitahidi.

"Wewe ulitazama," Mama akasema.

"Ndio, Mama."

"Basi simama hapo mbele ya TV unitangazie."

Kassim ni mtu wa maneno machache. Hata kwenye harusi yangu alikataa kushika kipaza sauti. Akasimama mbele ya kile kioo cheusi, mikono haijui iende wapi. Akaanza polepole. Anarudi hatua, anapumua. Kipa anapunga mikono. Uwanja kimya. Sauti ikapanda yenyewe, mpaka watoto wa jirani wakaja dirishani. Anakimbia, anapiga, chini, kulia...

"Kipa amedaka, Mama."

Nikafumba macho.

Mama akakaa. Akajitandia khanga vizuri. "Kulia," akasema. "Yule kila siku anapigaga kulia, na wameshamjua." Akanywa funda la maji. Kisha, kama mtu anayeongea peke yake: "Kumbe hata ningebaki nyumbani, angekosa tu."

Akamwambia Kassim amrudishie bao letu alitazame tena.

Leo Kassim ameongeza muda wa kurekodi, na amebandika karatasi juu ya mashine imkumbushe kuiangalia mpaka mechi iishe. Mama amelala mapema kuliko kawaida yake. Kabla hajalala alinikabidhi kitambulisho chake cha hospitali nimwekee mkobani, kwa ajili ya kesho, na sikuwa nimemwomba.

Kesho Jumatatu. Nitamsindikiza hadi kwenye bajaji, kisha niende kazini bila kuigeukia kuona imekata kona ipi.