Mama Mkwe Nyuma ya Kitenge

Kindu, Jumamosi alasiri.

Mvua ilianza alfajiri ikakatika asubuhi, na sasa jua limewaka mpaka mabati ya hospitali yanalia yakikauka. Nimelala chali, daftari likiwa juu ya gamba la plasta linalonifunga kuanzia kwapani hadi nyongani. Gamba hili linawasha, linanuka, na usiku nalichukia. Lakini ni meza nzuri ya kuandikia.

Leo nimesimama.

Naandika mara ya pili ili niamini mwenyewe. Leo nimesimama, kwa miguu yangu yote miwili, katikati ya wodi.

Mimi ni mtu wa reli, kazi yangu ni kuunga mabehewa. Mwanzoni mwa mvua za mwaka jana nilianguka kutoka ngazi ya behewa. Hakuna wa kulaumiwa: chuma kilikuwa kimelowa, nami nilikuwa na haraka ya kwenda kula. Niliinuka, nikajipangusa, nikacheka pamoja na wenzangu. Kisha, miezi ilivyopita, mguu wa kushoto ukaanza kunisahau. Nilikuwa natembea zangu sokoni, mara nasikia naitwa: "Baba, ndara yako imebakia nyuma!" Ndara imevuka mguuni na mimi sina habari. Watu walicheka, nami nikacheka nao, lakini moyoni sikuwa nacheka.

Kapinga, mke wangu, ndiye aliyenikokota kwa daktari, na mimba yake kubwa mbele. Daktari akasema mfupa mmoja wa mgongo ulipasuka, unasogea, unabana mishipa ya mguu. Angekata kipande cha mfupa wa nyonga yangu, akipandikize mgongoni, ili mifupa miwili ishikane iwe mmoja.

"Wewe unaunga mabehewa," aliniambia. "Mimi vilevile. Lakini yangu, kisha kuunga, hakuna kufungua tena."

Niliogopa. Sioni haya kuliandika. Niliogopa kutoamka, na niliogopa zaidi kuamka nikiwa mtu wa kubebwa. Jioni ya kuamkia upasuaji, Kapinga alileta udongo mweupe wa baraka, pemba, uliotoka kwa mama yake, akanipaka kwenye paji la uso. Asubuhi Amuri, muuguzi wa wodi yetu, alitaka kuufuta pamoja na uchafu mwingine wote. Daktari akamzuia. "Acha," alisema. "Pale si mahali ninakata."

Nilipozinduka kiu ilikuwa imenikausha koo, na mgongo ulikuwa unaniunguza kana kwamba nimelazwa juu ya reli saa sita ya mchana. Nikaviambia vidole vya mguu wa kushoto: sogeeni. Vikasogea. Nililia mbele ya wagonjwa wote, mtu mzima mimi.

Nilidhani kilicho kigumu kimekwisha. Kumbe kilikuwa njiani kinakuja, na sufuria kichwani.

Wiki ileile Kapinga alijifungua binti, akabaki nyumbani kwetu Mikelenge na kitoto chake. Mama yangu mzazi yuko mbali, Kasai. Na hospitalini hapa mgonjwa anakula kile anacholetewa na watu wake. Basi aliyebaki alikuwa mmoja tu: mama yake Kapinga. Anakaa Alunguli, ng'ambo ya mto, na kila asubuhi anapanda mtumbwi kuniletea wali na sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Mtu ambaye si wa kwetu ataniuliza, ubaya uko wapi? Ubaya ni kwamba kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Simpi mkono, sili mbele yake, na tukikutana njiani mimi ndiye ninayeingia majanini mpaka apite. Si chuki, ni heshima. Tangu nimwoe Kapinga nilimjua mama huyu kwa sauti yake na kwa pindo la kitenge chake likipotea nyuma ya nyumba. Ungenipeleka mbele ya hakimu nieleze pua yake ikoje, ningefungwa.

Siku ya kwanza alipokuja, nilisikia sauti yake mlangoni. Kabla akili haijasema neno, mwili ulikwishageuka kuelekea ukutani. Mgongo mbichi, nyuzi mbichi, plasta bado. Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno.

Naye, kwa upande wake, alinipa kisogo akaongea na ukuta mwingine. "Ee ukuta, ambia mukwe wangu chakula njo hii. Akule, asiachie inzi."

"Ukuta, ambia mama aksanti," nikajibu, jasho likinitoka.

Ikawa hivyo kila siku. Akiingia nageuka, akitoka narudi. Amuri alikuwa akicheka. "Ukuta wa hapa uko na kazi mingi kupita sisi wote," alisema. Hakujua ninavyogeuka, kwa kuwa saa ya chakula yeye huenda kula chake.

Siku moja daktari alifungua bendeji akakuta damu. Uso wake ukabadilika.

"Citoyen," akaniita, kama serikali inavyotaka tuitane, "ni nani anakugeuza?"

Ningeanzia wapi? Amuri akaangalia sufuria tupu ya jana, akaniangalia mimi, akaelewa, akamweleza. Daktari ametoka huko chini karibu na Kinshasa, amesoma Ulaya, nikajua sasa nitaitwa mshenzi. Badala yake aliketi kwenye ukingo wa kitanda akacheka mpaka akavua miwani.

"Hata mimi," alisema, "mama mukwe akiingia ku mulango, mimi natokea ku dirisha. Lakini mimi, hawakunipanda mufupa!"

Kisha akavaa miwani, na kicheko kikaisha. "Sikia. Kama ile mufupa inasogea mbele ya kushika, mimi sina ingine ya kukuwekea. Na muguu ile, utaisahau. Uchague."

"Heshima si utumwa, baba," Amuri akaongeza.

Ni rahisi kusema. Nimwambie nini mama wa watu? Asije tena? Hilo ni tusi ambalo Kapinga angelibeba maisha yake yote. Nimtazame? Bora nivunjike. Nililala nikiwaza hivyo, na sikujua kwamba mwenyewe alikuwa amesimama nje ya mlango na chakula, amesikia kila neno. Aliweka sufuria sakafuni akaondoka, hata ukuta hakuuaga. Siku hiyo wali haukunishuka. Nilijua nimemfukuza.

Kesho yake asubuhi alirudi na kamba.

Alifunga kamba kutoka dirishani mpaka kwenye msumari wa mlangoni, akatundika kitenge kati ya kitanda changu na njia. Nilipofumbua macho nikakutana na uso wa Mwongozi mwenyewe, rais wetu, umechapwa mkubwa kama sinia, na kofia yake ya chui. Mama mkwe alikuwa amechagua kitenge cha Chama, kile cha kuvaa siku za kupokea wakubwa. Mkuu wa wodi alikuja mbio akipiga kelele kwamba hospitali si soko, watu hawatundiki nguo. Akanyoosha mkono akishushe. Mkono ukafika kwenye ule uso ukasita, ukanyoosha kikunjo kimoja cha pindo, na mwenyewe akaenda zake. Nani angethubutu kumshusha Mwongozi?

Nyuma ya kitenge sauti ikasema: "Ee ukuta, ambia mukwe wangu: muti wa muhogo, kama uliisha kuupanda, hauutikise. Alale vile munganga alisema."

Nikalala. Tangu siku ile sikugeuka tena. Kidonda kilikauka, plasta ikaja, na mimi nimekula mbele ya Mwongozi milo yote, mama mkwe akiwa nyuma yake anachambua sombe na kuugombeza ukuta. Wakati mwingine anauhadithia huo ukuta habari za mjukuu wake: amenyonya vizuri, amepiga chafya, ana vidole virefu vya baba yake. Nimejifunza kumsubiri. Mtumbwi ukichelewa nakuwa na wasiwasi.

Nirudi kwenye leo.

Jana daktari aliahidi kwamba leo nitasimama, na akaagiza wanaume wawili wa kunishika. Lakini leo Jumamosi ni salongo, kazi ya lazima ya umma. Mvua ilipokatika tu, mtu wa Chama alifika uani, na kila mwenye mikono akatolewa kufyeka majani. Hata daktari nilimwona dirishani akiwa na panga, akifyeka vibaya sana. Wodini alibaki Amuri peke yake, na mama mkwe, aliyefika baadaye, nyuma ya kitenge.

"Tungoje, baba. Watamaliza saa sita," alisema.

Nilikataa. Nimengoja tangu mguu uliponisahau. Nikamwambia ama anisaidie, ama nasimama peke yangu, na aliona kwamba sifanyi mchezo. Akanishika, akanikalisha, akanivuta.

Nikasimama. Wodi yote ikazunguka. Plasta ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na baada ya kulala muda mrefu miguu ilikuwa imekonda kama ya kuku. Goti la kushoto likaanza kukunjika. Amuri ni mwembamba. Nilimsikia anahema, nilisikia ndara zake zinateleza.

"Nasikia unaanguka, baba! Mama! Mama, saidia!"

Kitenge kikapanda. Akatokea, akapitisha kichwa chini ya mkono wangu, na bega lake likaingia kwapani mwangu. Bega la kulima. Likasimama pale kama nguzo.

Nilitaka kugeuza uso. Naapa, mwili ulijaribu. Plasta ikakataa, na kichwa kilikuwa kimeegemea kilemba chake. Basi nikamtazama.

Kumbe ana kovu dogo juu ya nyusi. Kumbe ana mwanya. Anauma mdomo wa chini, vilevile kama Kapinga anapoinua ndoo ya maji, na mimi kwa miaka yote nilidhani ile ni tabia ya Kapinga tu. Ni mama mzee kuliko sauti yake. 

Alinitazama naye. Hakuutafuta ukuta.

"Simama, baba yangu," aliniambia. "Simama. Mutoto wangu iko anakungoja ku nyumba."

Hapo ndipo nilipousikia. Ubaridi. Ubaridi wa sementi chini ya wayo wa kushoto, wayo uleule uliokuwa unaacha ndara njiani.

"Mama," nikasema, "nasikia sementi."

Ndiyo sentensi ya kwanza niliyowahi kumwambia ana kwa ana. Amuri alicheka kwa sauti, na mzee mmoja wa kitanda cha pembeni akapiga makofi. Sijui tulisimama muda gani. Nadhani ni mfupi, ila mimi niliuona mrefu na mtamu.

Waliponilaza, mama mkwe alirudi nyuma ya kitenge, akakinyoosha. Hata sufuria haikulia. Nikaanza kuogopa upya, maana kwetu anayeivunja haya ya namna hii analipa mbuzi, na mimi nimeivunja kwa macho, kwa mkono na kwa mdomo, vyote kwa mara moja. Nikafikiri labda amekasirika. Labda analia.

Mwishowe akakohoa.

"Ee ukuta. Ambia mukwe wangu: aliniona, na alinigusa. Ile ni mbuzi."

"Ukuta," nikajibu, "ambia mama amesema kweli. Nitamutuma muntu alete."

"Hapana!" Nilisikia anasimama. "Asitume muntu. Mbuzi ya muntu mwingine mimi sipokei. Aivute yeye mwenyewe, na miguu yake, mpaka kwangu Alunguli. Mimi nitaketi ku mulango, namungoja."

Kisha akacheka. Sikuwahi kusikia kicheko chake. Akabeba sufuria akaenda kuwahi mtumbwi.

Toka saa ile siwazi kingine. Kutoka kwetu Mikelenge mpaka mtoni kuna mteremko, na ukilowa unateleza. Mbuzi hapendi mtumbwi, itabidi nimshike pembe. Ng'ambo kuna ukingo wa kupanda, halafu njia ndefu katikati ya mashamba ya muhogo, na kila hatua mbuzi atataka kula cha mtu. Daktari anasema plasta nitakaa nayo mpaka kiangazi. Sawa. Atakuwa dume, mweupe, na Kapinga atatufuata nyuma na mtoto mgongoni, akitucheka wote wawili.

Tatizo ni moja. Nimefuga mbuzi tangu utotoni, na sijawahi kumwona anayemngoja mtu.

Kesho Amuri akija, nitamwomba tusimame mara mbili.