Kioo Nilichokificha Nyuma ya Kabati

Jumamosi, katikati ya Februari. Tangu alfajiri ukungu ulikuwa umeufunika mtaa wetu wa International City, hata jengo la mbele yetu sikuliona. Saa tatu jua likatoka na kuufuta wote. Sasa Maghrib imepita, nimeswali, viganja vinauma na mikono bado inanuka sabuni na mpira.

Nina furaha. Lakini nimeifikia kwa njia ya aibu, na nataka kuiandika aibu yote leo, kabla sijaanza kuipunguza.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mwanaisha, mzaliwa wa Mombasa. Nauza spea za magari kwenye kaunta ya duka, Deira, hapa Uarabuni, na Juma, mume wangu, anaendesha basi la shule. Tuna chumba kimoja katika nyumba tunayoshiriki na wengine, na tuna karavani moja. Hapa watu huziita karavani hata zile zenye injini zake: ndani kuna kitanda, jiko, friji na choo cha kubana magoti. Yetu ni ya Kijerumani, ya miaka ya themanini, na tuliichukua kwa mtu aliyekuwa anarudi kwao na hana pa kuiacha. Wakati wa baridi, kila tukipata siku mbili, tunaondoka.

Wenye karavani kuukuu tuko sita, na magari yetu tunayalaza yadi moja kule Al Awir. Anwar ni makanika kutoka Peshawar. Peter ni mwalimu, Mwingereza, mtu mrefu kuliko kitanda chake. Na yuko Ami Nassor, mtu wa Unguja aliyefanya kazi ya kreni bandarini mpaka akastaafu, mbishi, mcheshi, na tangu nimjue hajawahi kuliegesha gari lake likakaa sawa. Hatufanani kwa lugha wala kwa dini wala kwa kazi. Lakini gari la mmoja likizimika njiani, hakuna anayeondoka mpaka liwake. Sharti hilo hatukuliandika popote, na halijawahi kuvunjwa.

Mimi nililivunja bila kutoka chumbani.

Karavani ya Ami Nassor na yangu ni za aina moja, mwaka mmoja. Katika mji huu hakuna ya tatu. Miaka mitatu iliyopita, kwenye yadi ya vyuma chakavu Sharjah, nilikiona kioo cha mbele kimesimamishwa kati ya milango ya malori. Nilikijua kabla sijakipima. Nikakileta nyumbani, nikakifunga blanketi mbili, nikakisimamisha nyuma ya kabati. Vioo hivi havitengenezwi tena. Nilijiambia nitawaambia wenzangu wiki ijayo. Wiki ijayo nikajiambia hivyo hivyo.

Mwaka jana kioo cha Ami Nassor kikapata ufa mdogo pembeni. Akanipigia simu, maana mimi ndiye mtu wa spea, akaniuliza kama kuna popote ninapoweza kumtafutia. Nikamwambia nitaangalia.

Niliangalia. Kilikuwa futi mbili kutoka mguuni pangu.

Sikuwa na ubaya naye, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Nilifikiri tu kwamba barabara za hapa zimejaa malori ya kokoto, na jiwe halichagui. Leo lake, kesho langu. Nikikitoa, langu likipasuka nitafanyaje? Ami Nassor akaupaka ule ufa gundi, akaendelea na safari zake, na mimi nikaendelea kucheka naye, kunywa chai yake na kula visheti vya Bi Zuwena, mkewe.

Mwezi uliopita jiwe likaruka kutoka kwenye lori, likakipasua kioo chake kutoka ukingo hadi ukingo. Watu wa ukaguzi wakalikataa gari. Bila kupita ukaguzi hapati kufanya upya mulkiya, ile kadi ya usajili, na yake inaisha mwisho wa mwezi huu.

Kwa mwingine ingekuwa hasara ya mchezo. Kwao si mchezo. Bi Zuwena alipasuliwa sikio na daktari akamkataza ndege. Mgongo wake nao haukubali kukaa kwenye gari dogo zaidi ya saa mbili. Dada yake mmoja aliyebaki yuko Salalah, nchi jirani, safari ya siku nzima na zaidi, na miaka sita hawajaonana. Walikuwa waende mwezi wa tatu, yeye amelala nyuma na Ami Nassor anaendesha taratibu. Bila kitanda kile, safari hiyo haipo.

Tulitafuta wote. Peter aliandika barua pepe Ujerumani. Anwar alizunguka yadi zote anazozijua. Na mimi nilitafuta pia. Nilipiga simu mbele yao, nikaulizia kitu ambacho nilikuwa nacho. Nimeandika sentensi hii mara tatu nikiifuta. Naiacha.

Jumamosi iliyopita Ami Nassor alitukusanya yadini, akasema khalas, basi, yeye amechoka. Amempata mtu wa mkahawa anayetaka kuling'oa injini gari na kulifanya kibanda cha kahawa. Alisema akitabasamu, lakini Bi Zuwena hakushuka garini kuja kutusalimia.

Kisha akafungua kisanduku chake cha vifaa, akaanza kugawa. Anwar akapata spana. Peter akapata mpira wa maji. Mimi akaniita pembeni, akanipa pampu ya maji na kitasa kizima cha mlango wa ubavuni. Kwangu mlango huo tumeufunga kamba mwaka wa pili huu.

"Chukua, mwanangu," akaniambia. "Magari yetu ndugu. La kwangu likifa, la kwako lirithi."

Nikavipokea. Nikasema ahsante, Ami.

Wiki hiyo nililala vibaya. Juma alijua tangu mwanzo kuhusu kioo na hakuwahi kunishurutisha, kwa kuwa si desturi yake. Jumapili tu, nikiwa nakipangusa vumbi, aliniambia, "Kioo hicho unakifunika blanketi kuliko unavyonifunika mimi." Nilicheka, kisha nikakaa kitandani nikaona sina cha kuchekea.

Jumatano, baada ya Alasiri, nilimwomba arbab wangu, mwenye duka, ruhusa nikatoka dukani mapema, nikaenda kwao. Sikupiga simu kwanza, maana nilijijua. Ningepiga simu ningepata njia ya kulifanya jambo lionekane dogo, labda niseme kioo nimekipata juzi. Nilikuwa nimeshaupanga hata uongo huo, na ulikuwa uongo mzuri. Mtu wa spea kupata spea, nani atauliza?

Nilipofika nilikaa, nikakataa chai, nikasema yote.

Ami Nassor hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya ule ufa wa kwanza."

"Basi nilipokupigia simu mwaka jana, kilikuwa chumbani kwako."

"Ndiyo, Ami."

Akanitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nimejiandaa hata kwa kufukuzwa. Sikuwa nimejiandaa kuona uso wa mtu anayerudi nyuma siku moja moja, akizikagua zote tulizokaa pamoja. Akaondoka akaingia chumbani, na mlango akaufunga polepole.

Nikabaki na Bi Zuwena. Alikuwa na shanga zake mkononi, hakuziacha.

"Kizima?" akaniuliza.

"Kizima, hakina hata mkwaruzo."

"Basi kilete. Nyinyi gombaneni mtakavyo. Mimi nakwenda kumwona dada yangu."

Leo asubuhi tukakipeleka. Juma aliendesha pikapu ya kuazima, mimi nikakaa nyuma nimekikumbatia kioo kwenye blanketi zake, kichwa kwenye ukungu. Tuliwakuta wote yadini. Ami Nassor alikuwa amewaambia. Hakunisema kwa ubaya, Anwar alinihakikishia, aliwaambia ukweli tu kama ulivyo. Walinisalimia. Peter alinisalimia kwa adabu kubwa mno, na kwa Mwingereza yule adabu ikizidi ujue ameumia. Ami Nassor akaniita Bi Mwanaisha, jina ambalo hajaniita tangu wiki ya kwanza tulipojuana.

Nikasema hewala. Nimelistahili. Lakini sikuja kuomboleza, nilikuja kufunga kioo, na kufunga kioo cha zamani nakujua kuliko wote pale ukimtoa Anwar.

Kazi yenyewe haina mashine. Kioo unakivalisha mpira pande zote, ndani ya mfereji wa mpira unapitisha kamba, unapaka sabuni ya maji, kisha mmoja anakaa ndani ya gari akivuta kamba kidogo kidogo huku wa nje wanasukuma kwa viganja. Mpira unajigeuza na kushika bati. Nguvu ya viganja ikipungua upande mmoja, kioo kinakaa mshazari. Ikizidi upande mmoja, kinapasuka. Na kikipasuka, dunia nzima hakuna kingine cha kumpa.

Anwar akaingia ndani na kamba. Nje tukajipanga. Juma na Peter walishika upande wa dereva, wenzetu wawili wakashika katikati juu ya makreti, na upande wa abiria nikasimama mimi, na Ami Nassor, kwa sababu palibaki nafasi moja tu.

Sehemu ya chini ikaingia. Upande wa dereva ukaingia. Kona yetu ya juu ikagoma. Mpira ulikuwa mgumu kwa baridi ya ukungu, na Anwar akasema kutoka ndani, yalla, haya, pigeni kidogo kwa kiganja. Nikaona mkono wa Ami Nassor unainuka.

"Usipige, Ami," nikasema. "Nani atawasha jiko? Nataka birika la maji ya moto."

Alisimama na mkono hewani. Nilijua anachofikiri, kwamba mimi ndiye mtu wa mwisho wa kumpa amri leo. Kisha akaushusha mkono, akaurudisha kwenye kioo, akasubiri. Bi Zuwena ndiye aliyechemsha maji, ndani ya karavani yangu, akayaleta mwenyewe na mgongo wake ule. Nikamwaga taratibu kwenye mpira, nikahesabu kimoyomoyo, nikapaka sabuni tena. Anwar akavuta. Tukasukuma pamoja, bega langu kwenye bega la Ami Nassor, pumzi zetu zinafanya ukungu kwenye kioo.

Kona ikaingia. Ilitoa sauti ndogo, kama mtu aliyelamba kidole.

Tulibaki tumeshikilia kama tunaogopa kukiacha. Kisha Peter akaondoa mikono yake, akaitazama, akaniuliza kama maji ya birika yamebaki ya chai.

Mchana tukaenda ukaguzi, magari manne nyuma ya moja, tukiwa hatuna kazi huko zaidi ya kusimama nje. Ami Nassor alitoka na karatasi mkononi. Limepita. Bi Zuwena alikuwa ameketi mbele kwenye kiti cha abiria, na hapo ndipo nilipoona kwamba alikuwa amevaa baibui lake la kutokea, lile la harusi na Idi, tangu asubuhi.

Kabla hatujaachana Ami Nassor alinijia. Aliniambia bado ameudhika, na hataki nidhani karatasi ile imefuta kitu. Nikamwambia najua. Akasema Salalah ni mbali, atakuwa na siku nyingi za kuendesha na kufikiri, na akirudi huenda atakuwa amepoa. Nikamwambia nitasubiri. Kisha akanipa mkono. Sikuomba zaidi ya hapo.

Nimerudi nyumbani nikafanya kitu kimoja. Nimeandika kwenye kundi letu la simu kila spea niliyoificha, si kioo tu. Taa mbili za nyuma, mkanda wa feni, vishikizo vya dirisha vilivyobaki wiki lilipofungwa duka nililofanyia kazi kwanza, vyote. Nimeandika kwamba nilikuwa navificha kwa hofu, na kwamba atakayehitaji aje achukue.

Nikaiweka simu kifudifudi kitandani. Nikaona nimejiaibisha mara ya pili.

Kisha Peter akaandika kwamba uvunguni mwa kitanda chake kuna gia boksi. Nzima. Mkewe hajui. Anwar, ambaye Peter amemlilia gia boksi ya akiba miaka yote, hakuuliza kitu, akaandika tu kwamba yeye ana kabureta tatu kwenye mfuko wa mchele. Mwingine ana kioo cha pembeni. Mwingine ana matairi mawili amewaachia jamaa zake Ajman, wameyapandia maua. Simu ililia mpaka Juma akauliza kuna nini, nikamsomea, akacheka mpaka akajilaza.

Wa mwisho alikuwa Ami Nassor. Aliandika kwamba lile jiko dogo la gesi la kuendeshea friji ya karavani, ambalo Peter amelitafuta miaka miwili, liko kwake kwenye kabati la vyombo, na kwamba Zuwena amesimama nyuma yake anaisoma kila herufi na amemkataza kujitetea.

Sasa sina kioo cha akiba. Nimejiuliza swali lile lile la miaka mitatu: jiwe likilipiga langu kesho, nitafanyaje?

Nitapiga simu. Wako watano wa kuwapigia, na tangu jioni hii najua kila mmoja ana nini uvunguni.